Mashada ya Rosemari kwenye Geti la Beth

Niseme mapema kwamba dada yangu Beth hakufiwa. Hakufiwa mwaka huu, hakufiwa mwaka jana, wala hakufiwa siku ile watu wazima wenye akili timamu walipokuja getini kwake wakiimba wimbo wa matanga. Naanza hivi kwa sababu nimechoka kuulizwa. Nina duka la vitambaa hapa Ruiru, na hadi leo kuna wateja wanaoingia, wananunua zipu moja tu, halafu wanashusha sauti na kuinamisha kichwa: "Mama, na ule msiba wa Murera uliishaje?" Uliishaje! Msiba gani? Naomba mtu anionyeshe kaburi.

Basi nitaeleza mara moja, na atakayeuliza tena nitamuuzia zipu mbovu.

Beth ni mdogo wangu. Alifanya kazi miaka mingi katika kampuni moja ya maua upande wa Thika, kwenye banda la kupakia, akisimama kutwa kwenye baridi na kupanga waridi za kupelekwa ng'ambo. Kampuni ilipopunguza watu, alirudi kwenye ploti yao Murera akiwa na mgongo unaouma na mikono isiyojua kukaa bure. Mumewe Nicanor, mtu mpole asiyesema sana, alidhani mkewe atapanda sukuma wiki kama majirani. Mimi pia nilidhani hivyo. Beth akapanda rosemari. Aliipanda kuzunguka ploti nzima, pale ambapo watu wengine hupanda kayaba yenye miiba ili kuzuia mwizi. Nilimwambia mwizi ataingia na atoke akinukia vizuri. Hakucheka. Ndani ya ua huo akaweka lavenda, thaimu, mrehani, na nanaa ambayo iliteka kila kitu hadi karibu na choo.

Halafu akaanza mambo yake ya mashada. Hukata matawi ya pasheni yanayotambaa, huyasokota yakiwa bado mabichi mpaka yawe duara, kisha huyaacha kivulini yakauke na kushika umbo. Rosemari huikata asubuhi umande ukishakauka. Hushika vijiti vichache, huvifunga kwa uzi wa mkonge, hukilaza kifungu kimoja juu ya mashina ya kingine, vyote vikielekea upande mmoja, hadi cha mwisho kinachomekwa chini ya cha kwanza na hujui tena kazi ilianzia wapi. Uzi huukaza hadi vidole vinakuwa vyekundu. Anasema mmea ukikauka hunywea, na shada lililofungwa kwa huruma litapukutika ukutani kabla ya mwezi kuisha. Lavenda huianika kichwa chini ndani ya stoo, mbali na jua, ili isipoteze rangi. Ukilitundika shada jikoni, nyumba nzima inanukia, na ukipika nyama unanyofoa kijiti unatumbukiza kwenye sufuria. Ni kitu kizuri sana, na atakayebisha tutakosana.

Lakini sisi watu wa huku tunajua shada lina kazi moja tu. Linawekwa juu ya jeneza, likitoka hapo linawekwa juu ya udongo. Basi. Siku Beth alipotundika la kwanza kwenye mlango wake wa mbele, majirani walikuja jioni na sukari na majani chai, wakaketi sebuleni wakimtazama kwa huruma, wakingoja atajwe marehemu. Akibeba shada mkononi kupita mjini Ruiru, wanaume wanavua kofia. Wenye pikipiki wanasimama kumpisha. Kuna mama mmoja asiyemjua kabisa aliyemkumbatia nje ya benki na kumwambia alie tu, asijizuie. Beth alirudi dukani kwangu akiwa amevimba kwa hasira, akalitupa shada juu ya meza yangu ya kukatia.

"Wamboi, hii ni mboga!" akasema. "Ni mboga imefungwa duara! Watu wa huku wako na shida gani?"

"Shida ni duara," nikamwambia. "Ifunge mraba."

Hakupendezwa na hilo pia.

Waliomwelewa walikuwa watu wa Thika mjini. Bi Surekha, mke wa mwenye duka la mabomba na misumari, aliliona shada moja mkononi mwa Beth akauliza harufu hiyo ni ya nini. Hakuuliza nani amekufa. Kwao, sikukuu ikifika au mtoto akiolewa, wanafunga majani ya mwembe na maua juu ya mlango, kwa hiyo kitu kibichi mlangoni kwake ni habari njema. Akanunua. Akamwambia wifi yake Dipti, Dipti akawaambia wengine, na tangu hapo nusu ya jikoni za Wahindi wa Thika zinanukia bustani ya dada yangu. Huku kwetu hakuna aliyelitundika hata moja. Waliokuja walitaka ya mazishi, na Beth aliwafukuza. Alisema yake ni ya nyumba za watu wanaokula.

Hilo lilimuuma kuliko alivyosema. Namjua. Alikuwa akipamba milango ya furaha ya watu wengine, huku kwake watu wakimpa pole.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Beth ana mtoto mmoja tu, Kui, anayefundisha watoto wa nasari pale Juja. Kui alipata mchumba, Eddie, kijana wa Ngoliba anayechomelea vyuma, mkimya, mwenye adabu, na mwenye masikio makubwa ambayo sisi wote tuliamua kutoyataja. Eddie alikuwa amepata kazi ya mkataba Qatar na alikuwa anaondoka wiki ileile. Ruracio, yaani siku ya watu wake kuja rasmi kumwomba msichana na kuleta mbuzi, ilikuwa imepangwa mapema, ikavunjika kwa sababu nyanya yake Eddie alifariki. Tukaipanga tena Jumamosi ya mwisho kabla ya safari. Hapo ndipo msemaji wao, mzee Maina, ndugu mkubwa wa baba yake Eddie, alipotuma neno lililotunyima usingizi. Alisema safari ya kuomba msichana ikikatizwa na kifo mara mbili, haianzwi tena. Itakuwa Mungu amesema, na Eddie aende Qatar akiwa hana mke. Mzee Maina ni mtu wa namna hiyo. Anasali kanisani Jumapili, lakini ndege mbaya akilia njiani, anageuza gari.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini, nilipofika Murera asubuhi ya Jumamosi na kumkuta Beth juu ya kiti cha plastiki akifunga mashada mawili makubwa ya rosemari kwenye geti, moja kila upande, yenye lavenda na maribeni ya zambarau na meupe, nilikaribia kuanguka.

"Beth. Toa hizo vitu kwa geti."

"Sitoi."

"Beth, umeweka hema nyeupe. Umeweka viti vya plastiki. Umepanga magari kando ya barabara. Sasa unaweka na mashada? Si ukodishe na jeneza basi?"

"Ni siku ya mtoto wangu. Nisipoweka leo nitaweka lini?"

"Weka ndani ya hema!"

"Ndani ya hema kila mtu anaweka." Aliuma uzi kwa meno akaukata. "Nataka kwa geti. Nataka mtu akiingia kwangu aone kazi ya mikono yangu kwanza. Mara moja tu, Wamboi. Watu wetu wapite chini yake wakiwa na furaha, mara moja tu."

"Na hiyo ribeni ya zambarau, rangi ya mazishi?"

"Lavenda ni zambarau. Unataka niipake rangi?"

Nilimgeukia Nicanor anisaidie. Nicanor alikuwa akimkazia mkewe kiti kisiyumbe. Kui naye alitokea mlangoni akiwa na mafuta ya nywele mkononi, akaniambia, "Tata, wacha mum aweke. Ziko fiti." Nikaachana nao. Mtu akiwa peke yake na akili nyumba nzima, anachoka.

Wanawake tulikuwa tumejipanga vizuri. Kui na wasichana wengine walikuwa chumbani, tayari kufunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, maana Eddie angeletwa awatazame wote wakiwa wamefunikwa na amtambue wake. Akikosea, anatozwa faini. Wasichana wa siku hizi ni wajanja. Kuna ruracio moja ya jirani ambapo bibi harusi alimtumia bwana ujumbe chini ya leso kumwambia amesimama wapi. Kwa hiyo simu zote za chumbani nilizichukua mimi, nikazizima sauti, nikazitia kwenye kiondo changu na kuzifunika kwa unga. Ilikuwa kazi nzuri, na ningeifanya tena.

Tulipokuwa karibu kumaliza, Simeon, mzee wa kanisa letu, alisema tuombe kabla wageni hawajafika. Geti likafungwa. Tukasimama chini ya hema, vichwa chini, vitambaa kichwani, kimya. Simeon akianza kuomba, unaweza kufua nguo zikakauka kabla hajasema amina. Aliombea mbuzi. Aliombea barabara ya Ngoliba. Aliombea ndege ya Qatar, injini moja moja. Beth alikuwa mbele, akifuta machozi kwa pindo la leso, kwa sababu alikuwa ametoka kukata vitunguu na pia kwa sababu alikuwa na furaha.

Wakati huohuo, na haya tuliyajua baadaye, mzee Maina alifika. Alifika mapema kuliko tulivyopatana, maana hajawahi kuchelewa maishani mwake na hataki watu wasahau hilo. Alishuka kwenye gari la mbele akayaona mashada getini. Akasimama. Akachungulia juu ya geti. Aliona hema jeupe, watu wamesimama kimya, vichwa chini, mzee wa kanisa akiomba kwa huzuni, na mama wa msichana akilia. Akarudi nyuma polepole, akawaambia watu wake, "Kumefiwa. Turudi."

Hakuna aliyebisha. Ungebishia nini? Mtu mwenye adabu hapigi hodi kwenye kilio aulize bei ya msichana. Wakageuza magari bila honi na kwenda mpaka Kamakis, wakaketi kwenye kimoja cha vile vibanda vya nyama choma kujadiliana. Mbuzi wa mahari waliwafunga nyuma ya kibanda hicho, mahali pa mwisho duniani ambapo mimi ningemwacha mbuzi ninayempenda.

Eddie aliomba apige simu. Akampigia Kui mara nyingi. Simu ya Kui ilikuwa ndani ya unga. Akawapigia wasichana wengine, na simu zao zilikuwa ndani ya unga vilevile. Mzee Maina akatikisa kichwa. "Simu ya mfiwa haishikwi," akasema. Kwake yeye hiyo ilikuwa mara ya pili, na mambo yamekwisha. Lakini hangeweza kurudi Ngoliba bila kutoa pole kwa watu ambao walikaribia kuwa wakwe, kwa hiyo akawatuma kina mama wakanunue mkate, sukari na maziwa.

Sisi tulikuwa tunangoja. Simeon alikuwa amemaliza, hatimaye. Jua likapanda, likapita juu ya hema. Mukimo wa viazi ukaanza kuweka ngozi juu. Wapishi wakauliza wageuze nyama au waitoe. Nilimwambia Nicanor ampigie mzee Maina simu.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi kwa nini? Vidole vimekatika?"

"Wamboi, mwenye msichana hapigi simu kuuliza wanaomwomba wako wapi. Itaonekana namtembeza Kui kama bidhaa."

Kweli, haifanyiki. Lakini nilitaka kumpiga kofi. Beth naye alikaa kwenye kiti cha mbele kabisa akitazama geti, na kadiri muda ulivyosonga uso wake ulizidi kusinyaa. Nilienda nikaketi karibu naye.

"Wamekataa," akasema. "Wameona afadhali wakatae."

"Labda tairi."

"Tairi ya magari yote?" Akanitazama. "Kui nitamwambia nini?"

Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyezaliwa Ngoliba.

Ndipo tukasikia wanaimba barabarani. Wanawake wote wakaruka. Kwetu wageni wa ruracio hawaingii hivihivi. Wanaimba nje, sisi tunaimba ndani, tunawauliza ni kina nani, wametoka wapi, wanatafuta nini, tunawanyima geti mpaka watubembeleze. Tulikimbia getini tukishika leso, nami nikaanzisha wimbo kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Tuliimba kama mistari miwili. Halafu sauti zikaanza kutuishia mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wale wa nje hawakuwa wakitujibu. Walikuwa wakiimba polepole. Walikuwa wamejifunga leso kiunoni, wamebeba mkate na sukari, na wimbo waliouimba ulikuwa ule unaoimbwa mwili ukitolewa mochari.

Nani huja kwako akiimba hivyo siku ya ruracio? Ni mtu aliyekuja kukuambia bwana harusi hayupo tena.

"Ni Eddie," Beth akasema. Akaketi chini palepale kwenye vumbi. "Ngai, ni Eddie."

Mwanamke mmoja nyuma yetu akapiga nduru. Wa nje waliposikia nduru wakajua kweli tumefiwa, wakaanza kulia. Sisi tulipoona wanalia tukajua kweli Eddie amekufa, tukalia zaidi. Tulikuwa tumetenganishwa na geti moja, kila upande ukililia maiti ya upande wa pili. Sijawahi kuona upuuzi mkubwa namna hiyo, na nilikuwa ndani yake, natokwa na kamasi.

Mlango wa nyumba ukafunguka kwa kishindo. Kui alitoka mbio na leso ikimburuta nyuma, akiita jina la Eddie kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Huko nje kukawa na vurugu, watu wakasukumwa, na Eddie akatokea mwenyewe na masikio yake yote mawili, akashika vyuma vya geti.

"Kui! Niko hapa! Kui, ni nani amekufa?"

"Wewe!" Kui akasema.

"Mimi?"

"Kwani si wewe?"

"Aki niko sawa! Nimekupigia simu mpaka chaji imeisha. Ni nani ametuacha? Ni mum? Ni buda?"

Nicanor alikuwa amesimama hapohapo. Beth alikuwa chini kwenye vumbi, lakini mzima. Kilio kikapungua kidogokidogo, kikaisha, na watu wakaanza kutazamana na kujihesabu. Mzee Maina akapita mbele. Aliinua bakora yake akaonyesha shada la kulia, kisha la kushoto.

Nilifumba macho.

Beth alisimama. Alijikung'uta vumbi polepole, na nilijua kinachokuja.

"Hiyo ni rosemari!" akapaza sauti. "Ya kupikia! Iko kwa hiyo nyama mnanusa! Miaka yote hii nasema, hakuna mtu anasikia! Nyinyi mnafikiri nani anaweza kuweka maiti kwa geti siku ya mtoto wake?"

Kina mama wa Ngoliba waliinamisha vichwa wakitazama mkate wao. Mmoja akaanza kucheka, kisha wengine, na nilidhani yamekwisha. Lakini mzee Maina hakucheka.

"Mama Kui," akasema kwa heshima, "nashukuru hakuna aliyekufa. Lakini hata kama maiti hayuko, shada la maiti liko. Siwezi kupitisha mbuzi wa mahari chini ya hiyo kitu. Nyanya yake Eddie hajamaliza hata mwaka kaburini. Toeni, tuingie. Msipotoa, turudi Ngoliba, na ndiyo itakuwa mara ya pili."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine ya kanisani na mengine sio. Beth akanishika mkono. Alimtazama Kui, akamtazama Eddie aliyekuwa bado ameshika geti, kisha akapanda kwenye kile kiti cha plastiki na kuanza kufungua uzi. Uleule aliokaza mwenyewe asubuhi. Kucha moja ilikatika. Hakuna aliyemsaidia, hata mimi, maana sote tulikuwa tunaona haya. Akayabeba mashada yote mawili, akaenda nyuma ya tangi la maji, akarudi mikono mitupu.

"Karibuni," akasema.

Na wakaingia! Waliimba, tukawajibu, mbuzi wakaletwa kutoka Kamakis wakiwa wazima kwa rehema za Mungu. Watu walisahau haraka. Wale wasichana wengine walibaki chumbani chini ya leso kwa muda mrefu, wakingoja kutambuliwa, mpaka mtu akawakumbuka. Chakula kikaliwa. Kila mtu alisifu nyama, na mzee Maina aliongeza mara mbili, akauliza imewekwa nini. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilimtazama akitafuna rosemari ya dada yangu kwa raha zake zote, na nikahisi kichwa kinataka kupasuka. Beth alikuwa akipita na sufuria akiwapakulia watu, akitabasamu kama mhudumu wa hoteli.

Kisha ikafika sehemu yenyewe. Wazee waliketi wakikabiliana, na Nicanor akapewa pembe yenye muratina kidogo, pombe yetu ya kienyeji. Simeon alitazama pembeni kwa sababu ya kanisa. Kwetu pembe hiyo hainywewi hivihivi. Lazima msichana aitwe mbele ya watu wote na aulizwe. Asipokubali, pembe inamwagwa, mbuzi wanarudi walikotoka, na hakuna mzee wa upande wowote mwenye ruhusa ya kumlazimisha. Sijawahi kuona msichana akikataa. Huwa ni swali la kupita tu, watu wakiwa wameshainua simu kupiga picha.

"Kui," Nicanor akasema, "hawa watu unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Tunywe?"

Kui alikuwa amesimama wima, mikono ameikunja mbele.

"Bado," akasema. "Mashada ya mum yarudi kwa geti kwanza."

Beth alisimama na sufuria yake katikati ya viti.

"Kui, wacha," akasema haraka. "Mimi nimekubali, wacha. Kunyweni."

"Msichana haweki masharti," mzee Maina akasema.

Nicanor, ambaye sikumbuki kama siku hiyo alikuwa amesema sentensi tano, aliiweka pembe juu ya meza. Aliiweka taratibu, isimwagike.

"Mzee," akasema, "huyu ndiye anaulizwa. Si wewe. Si mimi."

Mzee Maina akanyamaza, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu anayeshika mila kiasi kile hawezi kuichagua vipande.

"Guka," Kui akamwambia mzee Maina, akimwita babu kwa heshima. "Eddie akienda Qatar mimi nitakuja kukaa kwenu Ngoliba, kwa hiyo nyumba yake. Nitakuwa peke yangu. Kwa mlango nitaweka kazi ya mum, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya nyumbani. Kama hamwezi kupita chini yake leo na mbuzi na nyimbo, basi hamtaweza kuja kunisalimia hata siku moja. Afadhali nijue saa hii."

Eddie aliinuka. Hakumtazama mzee Maina wala baba yake. Alienda nyuma ya tangi la maji, akarudi na mashada yakiwa na matone na kipande cha utando wa buibui, akapanda kwenye kiti akaanza kuyafunga. Yeye ni mtu wa kuchomelea vyuma, na uzi haujui. La kwanza lilikaa upande. La pili alilifunga likiwa limeangalia ndani.

Tulimtazama mzee Maina. Aliegemea bakora yake, akasimama, akaenda mahali mbuzi walipofungwa, akafungua kamba, akaanza kutoka nao. Alipita geti, akaenda hadi barabarani, na nikaanza kumtukana kimoyomoyo kwa lugha mbili. Huko barabarani akageuka. Akainua uso akayatazama yale mashada yaliyofungwa ovyo, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia maji baridi, akapita chini yake na mbuzi wake wote, akaja mpaka mezani.

"Sasa ulizeni tena," akasema.

Nicanor akainua pembe, akauliza. Kui akaichukua kwa mikono miwili, akaonja, akampa baba yake. "Kunyweni," akasema. Hema lote likalipuka kwa vigelegele. Kina mama wa Ngoliba walitukumbatia, Simeon alianza kuomba na mara hii hakuna aliyemsikiliza.

Nilimtafuta Beth nimkumbatie. Hakuwa kwenye kiti chake. Hakuwa jikoni. Nikamwona kule getini, juu ya kiti cha plastiki, amewapa watu wote mgongo, anafungua mafundo ya Eddie.

"Beth!" nikapiga kelele. "Beth, wamekunywa! Mtoto ameolewa!"

"Nimesikia," akasema, uzi ukiwa kati ya meno. "Ngoja. Huyu mtoto wangu amefunga vibaya."